Zawadi Isiyo na Barabara

Mwanzoni mwa miaka ya 1840 palishushwa Unguja zawadi ya Malkia Victoria kwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Oman: gari la farasi la kifalme, pamoja na matandiko yake yote. Lilikuwa gari la kupita taratibu katika njia pana, watu wamejipanga pembeni, kofia zimevuliwa, mwenye gari akiinua mkono kidogo. Unguja hapakuwa na njia pana. Mji wenyewe ulikuwa vichochoro, punda wawili wenye mizigo wakikabiliana lazima mmoja arudi kinyumenyume, na ukitoka mjini unaingia katika vijia vya miguu vinavyopenya kwenye minazi na mikarafuu michanga. Gari likabaki bila kazi. Nikilifikiria hilo gari silioni kama kichekesho, ingawa wengi hulisimulia kwa kicheko. Naliona kama kitu kilichokosa mahali pa kukanyaga. Huko London kulikuwa na mtu, pengine watu kadhaa wenye akili zao timamu, waliokaa wakajiuliza mfalme anastahili nini, wakajijibu kwa kumtazama mfalme waliyemzoea. Hapakuwa na dharau ndani yake. Palikuwa na heshima nyingi, ila heshima hiyo ilifika kwenye anwani ya mtu mwingine.

Seyyid hakulirudisha. Wala hakulitundika kama pambo la ukumbini. Baadaye alilipeleka Bara Hindi, kwa Nizamu wa Hyderabad, mtawala ambaye kwake njia zilikuwapo na fahari ya namna ile ilikuwa na watazamaji wake.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kupitisha zawadi. Mwaka 1836 alikuwa amempa Mfalme William wa Nne manowari iitwayo Liverpool, ya mizinga 74, iliyoundwa Bombay, meli ambayo mtawala wa pwani asingeiachia kirahisi. Waingereza wakaipa jina jipya, Imaum, na kwa kumlipa wema wakamletea jahazi la kifalme, Prince Regent, chombo cha anasa na matembezi. Mfikirie mtu huyo. Wakati ule alikuwa bado anapambana na Wamazrui wa Mombasa. Alichohitaji baharini ni mizinga, si mapazia. Jahazi akalipitisha kwa Gavana Mkuu wa India. Na manowari aliyoitoa, je? Haikwenda vitani. Iliishia Port Royal, Jamaika, ikatiwa nanga na kufanywa makazi ya mabaharia wanaongoja kupangiwa meli, hadi ilipovunjwa katika miaka ya 1860. Wafalme wawili walipeana meli, na hakuna kati yao aliyepata chombo alichokihitaji. Urafiki wao, hata hivyo, ulizidi kukaza fundo.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikirejea habari hii. Kama vitu vyenyewe havikumfaa yeyote, ni nini kilichopokelewa? Mtu anaweza kujibu kwa methali ya upande wa giza: mkono usioweza kuukata, ubusu. Seyyid aliijua nguvu ya Uingereza, akaubusu mkono. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwoga asingelithubutu kulitoa gari la malkia; angelificha mahali pakavu na kulipangusa vumbi kila mwezi akihofia kuulizwa. Yeye alitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu tunayafunga pamoja kwa kamba moja: kupokea na kuweka. Alipokea kwa adabu zote za kupokea. Kuweka kulikuwa shauri lake.

Wamarekani nao walikuwa na njia yao, na ni njia ya kiofisi kabisa. Aprili 1840 meli ya Seyyid iitwayo Sultana ilitia nanga New York, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Kulikuwa na shehena ya biashara, na kando yake zawadi za rais: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali ya Kashmir, zulia la Kiajemi, mafuta ya waridi, upanga wa dhahabu. Rais Martin Van Buren akasema hawezi kuzichukua, kwa kuwa katiba ya nchi yake inakataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Kongresi. Najaribu kuuona uso wa Ahmad bin Na'aman alipofasiriwa maneno hayo. Kurudi nazo haiwezekani. Kurudi na zawadi ni kumrudishia bwana wako uso wake. Basi Kongresi ikakaa, ikaamua zipokewe kwa jina la nchi, na farasi wakapigwa mnada, fedha zikaingia hazina. Kwa upande wao waliikarabati Sultana kwa gharama ya serikali kabla haijang'oa nanga. Mtu wa Unguja angeweza kuuliza: mgeni amekuletea farasi, nawe umemwita dalali? Lakini kuna ustaarabu ndani yake. Sheria ilimpa Van Buren neno la kusema ambalo halikuwa lake, kwa hiyo hakuna aliyekataliwa na mtu. Wote wawili walikuwa wamezuiwa na karatasi.

Sisi wa Tanzania tungeijua thamani ya karatasi hiyo. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliongezwa kifungu kilichoruhusu takrima, kwamba mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kama mila inavyotaka, isihesabiwe rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta. Kati ya miaka hiyo ni pilau ngapi zililiwa na khanga ngapi zilivaliwa sina namna ya kujua. Ninachojua ni kwamba mzee wa kijijini aliyepewa khanga na mgombea asiyempenda hakuwa na katiba ya kumsemea. Alisema ahsante.

Wazee waliotuachia methali walikaa, kwa sehemu kubwa, upande wa mtoaji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hatashukuru. Ukipewa shibiri, usichukue pima. Zote zinamlinda aliyenyoosha mkono, na zote zinamwambia mpokeaji anyamaze. Anyamaze, basi, lakini baada ya wageni kuondoka anabaki na kitu, na kitu kinataka mahali. Ndiyo maana nyumba zetu zina kabati la sebuleni lenye vioo, ambalo ufunguo wake anaujua mama peke yake. Humo kuna seti za glasi ambazo hazijawahi kuguswa na maji, chupa ya chai yenye maua mekundu, saa ya ukutani yenye picha ya mto na milima ya nchi isiyojulikana, sahani za udongo zinazongoja mgeni ambaye, kwa jinsi anavyongojwa, lazima awe malaika. Nyingine ziko juu ya kabati la nguo chumbani, bado ndani ya maboksi. Bibi harusi wa Dar es Salaam akitoka kwenye kitchen party yake anaweza kurudi na hotipoti za kulisha kikosi cha jeshi na blenda za kufungulia kibanda cha juisi, na jiko akawa hana.

Mtaani kuna elimu kamili juu ya kuvipunguza vitu hivi, na haifundishwi kwa sauti. Kadi huondolewa kwanza. Sinia hugeuzwa na kutazamwa chini, maana wanawake wenye shughuli nyingi huweka alama kwa rangi ya kucha, herufi mbili za jina, na herufi mbili zimeshavunja udugu. Kitu hakipelekwi katika ukoo uleule kilikotoka, wala katika msimu uleule. Hakitolewi kwa mtu anayefahamiana na aliyekileta, na katika miji yetu, ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, kanuni hii peke yake inatosha kukufanya usafiri hadi mkoa mwingine. Nasadiki ziko hotipoti zinazozunguka nchi hii zikiwa na karatasi ya kung'aa ya tano au ya sita, na hazijawahi kuona wali. Wapo wanaoona huo ni unafiki. Mimi sioni hivyo, ilimradi kitu kinakwenda pale ambapo kitatumika. Hotipoti iliyofungiwa ndani ya kioo haimheshimu aliyeileta kuliko ile inayopakuliwa ugali moto huko Singida na mtu asiyejua ilianzia wapi.

Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss aliandika kwamba katika jamii nyingi alizozisoma zawadi imebeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, kulipa. Katika mwezi wa Ramadhani, mitaa ya Mombasa au Tanga, wajibu huo huonekana unatembea barabarani jioni ukiwa umefunikwa kawa. Bakuli la jirani limekuja na uji wa pilipili manga. Haliwezi kurudi tupu. Hata kama nyumbani kwako uji wa namna hiyo hauliwi, hata kama mtoto mkubwa amekunja uso, bakuli litaoshwa, litafutwa, litawekewa kaimati au vipande vya muhogo wa nazi, na litarudi. Ule uji umekwenda wapi? Hakuna anayeuliza. Pengine umekunywewa na mlinzi wa jengo la pili, pengine ulikutana na maji ya mfereji. Lililofanya kazi ni bakuli, na kesho kutwa litakuja tena, na litakuwa na uji uleule, kwa sababu wewe ulisema ulikuwa mtamu. Hiyo ndiyo kodi ya ahsante isiyo ya kweli, nayo hulipwa kila jioni hadi mwezi uandame.

Zipo zawadi ambazo haziwezi kupitishwa. Khanga ni mojawapo, maana khanga husema. Mtu anakununulia doti nzuri, rangi zimetulia, pamba nzito, na kwenye mstari wa chini pana maneno ambayo yanaweza kumhusu kila mtu duniani na pia yanaweza kukuhusu wewe tu: kuhusu mwenye wivu, kuhusu jirani mwenye mdomo, kuhusu mgeni asiyejua kuondoka. Huwezi kulalamika. Atakuambia, wifi yangu, mimi nilipenda rangi, maandishi wala sikuyasoma. Ukimpa mwingine, maneno yanamgeukia huyo. Ukiifanya ya kudekia, umekiri kwamba mshale umeingia. Wanawake wa pwani wana majibu yao, na lililo bora zaidi kwa maoni yangu ni lile la kuikata, kuipinda, kuitia udi, kisha kujifunga siku ya kwanza ukienda nyumbani kwake huyohuyo aliyeileta, ukae, ule, umsifie kwa chaguo lake. Sijui zawadi nyingine ya aina yoyote inayoweza kurudishwa kwa mwenyewe bila kuvuliwa mwilini.

Niliposema Seyyid Said alijua kupokea, nilimsifu. Sasa lazima nimtazame akitoa. Mwaka 1854, miaka miwili kabla ya kifo chake, alimpa Malkia Victoria visiwa vya Kuria Muria, karibu na pwani ya Dhofar. Waingereza walivitaka kwa ajili ya mavi ya ndege yaliyorundikana juu ya miamba, mbolea iliyokuwa na bei kubwa Ulaya wakati huo. Hakutaka malipo, alitoa bure, kama bwana anavyompa bwana. Mbolea ilichimbwa kwa miaka michache, kisha visiwa vikabaki mikononi mwa Uingereza kama kitu kilichosahauliwa juu ya kabati, hadi viliporudishwa Oman mwaka 1967. Lakini kisiwa kimoja kati ya hivyo kilikuwa na watu. Wachache, wavuvi, wenye ndoa na makaburi yao. Walilala ni wa Seyyid, wakaamka ni wa malkia, na baada ya miaka 113 wajukuu wa wajukuu wao wakarudishwa kwa mwenye mali. Hao hawakuwa wamealikwa kwenye adabu ya kutoa wala ya kupokea. Walikuwa ndani ya kifurushi.

Na katika majumba ya zama hizo watu walipelekwa zawadi pasipo hata kisiwa cha kuwafunika: mtumwa wa shamba, mtoto wa kutumwa, msichana wa kufanywa suria, wakapita kutoka bwana hadi bwana sambamba na mazulia na farasi. Zulia lisipopendwa hukunjwa. Mtu asiyetakiwa katika nyumba aliyopelekwa kama hidaya alikwenda wapi? Katika barua za wafalme na mabalozi zipo orodha ndefu za vitu, zenye uzito na thamani yake, na macho yangu huzipita upesi yakitafuta mstari ambao kitu kimoja katika orodha kimefungua mdomo. Utani wangu wote juu ya hotipoti unakomea hapa, maana unategemea hotipoti isiyosikia.

Mitumba nayo ni zawadi kwa asili yake, ingawa ikifika kwetu tunailipia. Mtu wa Ulaya au Marekani amelitia koti lake kwenye sanduku la hisani, ameondoka na moyo mwepesi. Koti limechambuliwa, limeshindiliwa kwenye belo, limevuka bahari, na asubuhi moja belo linafunguliwa katika soko la Karume au Gikomba huku watu wamekodoa macho kama wavuvi wanaovuta jarife. Mitumba ninaivaa na sijutii. Ila kuna tofauti kati ya kitu kizuri kilichokosea njia na kitu ambacho mwenyewe amekichoka. Walimu wa dini hufundisha kwamba mtu atoe katika kile akipendacho, na ukikitumia kipimo hicho mabelo mengi yatarudi melini. Rwanda ilijaribu kuyarudisha. Mwaka 2016 ilipandisha sana ushuru wa nguo za mitumba ili viwanda vyake vipate pumzi. Majirani waliokuwa wamekubaliana nayo wakalegea walipobanwa, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Mtu akikupa fulana yake kuukuu na wewe ukasema hapana, ahsante, halafu akakutoza faini, nadhani tuna haki ya kuuliza kama lile sanduku lilikuwa la hisani au la dampo.

Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Safari ya miezi, mnyama mwenye shingo ile ndani ya meli, na huko mwisho kasri lisilo na mgunga hata mmoja. Kwa hesabu zote hii ilipaswa kuwa zawadi mbaya kuliko gari la Victoria. Lakini wakuu wa kasri walimtazama wakamwona qilin, mnyama wa heri katika hadithi zao, anayejitokeza nchi inapotawaliwa kwa haki, na shangwe ikawa kubwa. Malindi ilirusha jiwe upande mmoja likaangusha embe upande mwingine. Huwa najiuliza kama zawadi zinazopendwa sana hazipendwi hivyohivyo, kwa kudhaniwa ni kitu kingine, na aliyezitoa akapokea shukrani ya jambo ambalo hakulifanya.

Siku hizi tumepata dawa ya haya yote. Kadi ya harusi inakuja na namba ya simu ya kutumia mchango, na chini yake ombi la upole kwamba zawadi iwe bahasha. Sina neno, ukumbi una bei yake, na maharusi wanaoanza maisha chumba kimoja hawana mahali pa kuweka saa za ukutani kumi. Pesa haiwezi kuwa zawadi isiyotakiwa. Lakini pesa haikosi shabaha kwa sababu haikulenga. Aliyekuletea shuka za zambarau alikufikiria, hata kama ni kwa nusu saa dukani Kariakoo, akazishika, akajenga kichwani mwake chumba chako na wewe ndani yake unayependa zambarau. Huyo mtu wa zambarau si wewe, wala hajawahi kuwa wewe. Hata hivyo kuna mtu aliyejisumbua kumuumba. Katika orodha ya waliotuma kwa simu utaona jina na kiasi, na ukitaka kujua walivyokuona wakati wanabonyeza namba ya siri, huwezi.

Na bado katika kila harusi yupo shangazi mmoja asiyekubali mambo ya namba. Anashuka kwenye basi kutoka bara akiwa na kuku aliyefungwa miguu mkono mmoja na boksi mkono wa pili, boksi zito, limezungushiwa gundi ya karatasi kama kwamba lina siri ya serikali. Atapigiwa vigelegele. Boksi litapokewa kwa mikono miwili, kwa goti kidogo, shikamoo shangazi, ahsante sana shangazi. Kuku ni rahisi, kesho ataliwa. Ama lile boksi, nawashauri maharusi wasiwe na haraka ya kulipeleka Singida. Mashangazi wa namna hii huja kutembea bila kutoa taarifa, huingia moja kwa moja hadi jikoni, na huuliza.